Maswali ya Wasomaji: Kutembezwa kwa Kundi Ukiwa Mwanafunzi Ugenini

Tangu nilipotaja katika ukurasa huu kwamba niliwahi kusoma mwaka mmoja nchini Japani nikiwa kijana, barua hazijakoma kunijia kutoka kwa wanafunzi wa Nairobi wanaojiandaa kwenda huko kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na wazazi wao pia hawajabaki nyuma. Safari hii nimechagua barua nne zinazohusu jambo moja, nalo ni yale matembezi ya siku mbili tatu ambayo chuo mwenyeji huwaandalia wageni wake: basi moja, mtembezaji mmoja mwenye kibendera, na vijana arobaini kutoka mataifa kumi na kitu.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkazi wa Kayole, na mwezi wa Septemba nitakwenda Tokyo kwa miezi kumi na mmoja. Katika ratiba tuliyotumiwa kuna safari ya siku tatu mwezi wa Novemba kwenda Kyoto, Nara na Hiroshima, na kila mwanafunzi atachangia sehemu ya gharama. Posho yangu ni ndogo, na nilikuwa nimepanga kumtumia mama chochote kila mwezi. Rafiki yangu ananishauri niachane na safari hiyo, kisha baadaye ninunue ile pasi ya treni ya watalii na kuzunguka mwenyewe bila kuchungwa kama mbuzi. Je, amesema kweli? — Binti wa Kayole*

Marahaba, binti yangu. Rafiki yako amesema kweli nusu, na nusu ya pili ingekutia hasara. Pasi anayoitaja, ambayo humruhusu mtu kupanda treni nyingi za JR, yaani kampuni kuu za reli za Japani, nchi nzima kwa siku saba, kumi na nne au ishirini na moja, huuzwa kwa mgeni aliyeingia Japani kwa matembezi ya muda mfupi na ambaye pasipoti yake imeonyesha hivyo. Wewe utaingia kwa viza ya masomo na utapewa kadi ya ukazi, na kuanzia siku hiyo, machoni pa karani wa stesheni, wewe si mtalii tena hata kama hujui neno lolote la Kijapani zaidi ya asante. Tena pasi yenyewe si rahisi kama zamani, kwa kuwa mnamo Oktoba 2023 bei ya siku saba ilipandishwa hadi yeni 50,000. Ukilipa nauli ya kawaida, kiti katika treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto kitakugharimu takriban yeni 14,000 kwa kwenda tu, na Hiroshima bado iko mbele sana. Yapo mabasi ya usiku yaliyo nafuu zaidi, nami niliyapanda mara kadhaa, lakini ukishushwa alfajiri shingo imekakamaa na hoteli haikupokei hadi alasiri, utaelewa kwa nini ni nafuu.

Kwa hiyo kabla hujakataa, chukua karatasi, jumlisha nauli, malazi ya siku mbili na viingilio, kisha ulinganishe na mchango unaodaiwa. Kwa kuwa chuo kinabeba sehemu ya mzigo, sitashangaa ukigundua kwamba kundi ndilo rahisi. Kuhusu mama, mweleze mapema kwamba mwezi wa Novemba hutatuma kitu. Aliyekulea Kayole anajua bajeti kuliko mimi na wewe.

Hilo la kuchungwa sitakuficha: utachungwa. Utahesabiwa ukipanda basi na utahesabiwa ukishuka, na mahali ambapo ungetaka kukaa nusu siku utapewa dakika arobaini, kumi kati ya hizo zikiishia kwenye foleni ya choo. Kundi litakupa usafiri, kitanda na chakula, lakini halitakupa macho, na hapo ndipo wanafunzi wengi huibiwa bila kujua: wanarudi na picha mia tatu, na ukimwuliza mmoja wao hekalu la pili lilikuwa na nini tofauti na la kwanza, anafungua simu ili naye akatazame. Ushauri wangu ni kwamba kila siku ya safari uchague kitu kimoja tu, ukisomee jioni iliyotangulia, na mengine yote uyaache yakupite kama yatakavyo.

Chukua mfano wa Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme tangu mwaka 794 hadi karne ya kumi na tisa. Bila shaka mtapelekwa Kinkaku-ji, lile jumba la ghorofa tatu kando ya bwawa ambalo ghorofa zake mbili za juu zimefunikwa kwa dhahabu, na mtembezaji atawaambia kwamba mtawala Ashikaga Yoshimitsu alianza kulijenga mwaka 1397. Ni kweli, lakini mwaka 1950 mtawa kijana wa hekalu hilohilo alilitia moto likateketea, na jengo mtakalolitazama ng'ambo ya maji lilikamilika mwaka 1955, miaka minane tu kabla ya uhuru wetu. Ukilijua hilo kabla hujafika, swali linalokujia pale si la dhahabu tena, bali ni kwa nini watu hawa huliita jengo jipya kwa umri wa lile la kale, wala hawaoni kwamba wamesema uongo.

Mahali pa pili ni Fushimi Inari, hekalu la mlimani lenye malango mekundu yapatayo elfu kumi, yaliyopangwa moja nyuma ya jingine mpaka njia ikawa kama handaki. Kundi litapiga picha katika malango ya mwanzo na kugeuka. Wewe panda dakika kumi na tano zaidi, halafu ukishuka tazama migongo ya nguzo, upande ambao mpandaji hauoni. Kila lango limeandikwa kwa rangi nyeusi jina la aliyelitoa na tarehe yake, na wengi wao ni wenye maduka na makampuni, kwa sababu Inari ni mungu wa mpunga na wa biashara. Nilipotafsiriwa majina hayo nilicheka peke yangu, kwa maana niliyaona yale majina ya wafadhili yanayoandikwa ukutani kwetu baada ya harambee, tofauti ikiwa tu kwamba huko mbao huoza, lango hubadilishwa, na jina la aliyefilisika huondoka nalo.

Jambo moja zaidi. Ndani ya basi lile wewe nawe utakuwa kivutio. Utaulizwa kuhusu simba, jambo ambalo mtu wa Nairobi ambaye mbuga iko kilomita chache kutoka mjini hana sababu ya kulikasirikia, na Wajapani wa makamo huenda wakamtaja Wangari Maathai kabla hujamtaja wewe. Alipozuru nchi yao mwaka 2005 alifundishwa neno lao la kale, *mottainai*, linalosemwa kwa majuto mtu anapoona kitu chenye thamani kinapotezwa bure, naye akalibeba na kulihubiri duniani kote. Ukimaliza wali wako wote hadi punje ya mwisho, hutahitaji kulieleza.

*Mwalimu, hujambo. Mwanangu wa kwanza yuko Japani tangu Aprili, na sasa ananiambia kwamba chuo kitawapeleka Hiroshima. Tangu siku hiyo silali vizuri nikiwaza sumu ya lile bomu, kama haimo bado katika udongo na maji. Pia naomba unisaidie saa nzuri ya kumpigia simu akiwa njiani, kwa sababu kila nikipiga namkuta amelala. — Mama wa Buruburu*

Sijambo, mama, na pole kwa kukosa usingizi. Wasiwasi wako una msingi, lakini umechelewa kwa miaka mingi. Bomu la tarehe 6 Agosti 1945 lililipuka saa mbili na robo asubuhi likiwa angani, takriban mita 600 juu ya mji, na kwa kuwa halikugusa ardhi, sehemu kubwa ya mabaki yake ilipaa na kutawanyika badala ya kuzikwa katika udongo. Mionzi iliyobaki chini ilipungua kwa kasi katika siku na wiki zilizofuata, na leo kiwango chake Hiroshima ni kile cha kawaida kinachopatikana katika miji mingine ya dunia. Zaidi ya watu milioni moja wanaishi humo, wanakunywa maji yake na kulea watoto. Tramu zilirejea katika sehemu ya njia zake siku tatu tu baada ya bomu, na iko miti iliyoungua ikachipuka tena, ambayo mpaka sasa imesimama mjini ikiwa na vibao vya kuitambulisha. Mwombe mwanao akutumie picha ya mmoja wa miti hiyo. Itakutuliza kuliko maelezo yangu.

Ninalokuomba ulifikirie ni moyo wake, si mwili. Watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwaka ule, na jumba la makumbusho la Hiroshima halionyeshi idadi bali linaonyesha vitu: saa ya mkono iliyokwama saa mbili na robo, baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu, na kopo la chakula cha mchana la mwanafunzi wa shule, chakula kikiwa bado kimo ndani, kimegeuka makaa. Mimi nilisimama mbele ya kopo hilo nikakumbuka mama yangu akinifungia viazi vitamu asubuhi, na sikuweza kuingia chumba kilichofuata. Nje ya jumba, wenzangu wawili walikuwa wakipiga picha wakitabasamu mbele ya lile jengo lenye kuba lililobaki mifupa mitupu, nami niliwakasirikia bure, kwa kuwa wengine huficha hivyo wanachokihisi. Mwanao akikupigia jioni hiyo na kukaa kimya, usimharakishe wala usimwulize kama amekula vizuri hotelini.

Kuhusu saa, mama, Mungu ametupendelea sisi wasemaji wa Kiswahili. Japani imetutangulia kwa saa sita kamili mwaka mzima, na saa yetu ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya ukutani kwa saa sita. Maana yake ni kwamba unaposema Buruburu ni saa tatu asubuhi, mshale wa saa ya ukutani kule Kyoto unaonyesha 3, yaani alasiri kwao. Ukisema ni saa saba mchana, kwao mshale uko kwenye 7, jioni, na wamekaa kula. Basi mpigie kati ya saa nane na saa tisa mchana wako, wakati ambao kwake ni usiku wa mapema na kundi limekwisha kurudi hotelini. Ukingoja jioni yako baada ya kazi, kwake ni usiku wa manane, na ndiyo sababu unamkuta amelala.

*Assalamu alaikum Mwalimu. Mimi ni kijana wa South C, Mwislamu, na nimekubaliwa katika chuo kimoja cha Osaka. Safari yao ya kundi inapita katika mahekalu, chakula ni cha pamoja, na wanasema tutalala katika nyumba ya wageni ya Kijapani. Nifanyeje bila kuwa mzigo kwa wengine? — Msafiri wa South C*

Waalaikumu salamu, mwanangu. Mimi si sheikh, na maswali ya fiqhi umpelekee imamu wako kabla hujasafiri, hasa lile la kupunguza sala ukiwa safarini. Nitakujibu ya njiani tu.

Chakula cha safari ya kundi huagizwa mapema, kila kisanduku kikiwa na jina la mlaji, kwa hiyo anayesema pale mezani kwamba hali nguruwe ndiye mzigo, na anayeandika katika fomu wiki tatu kabla si mzigo hata kidogo. Usiandike tu kwamba hutaki nguruwe. Eleza pia kuhusu nyama isiyochinjwa na kuhusu kileo, kwa sababu mapishi yao mengi hutiwa mvinyo mtamu wa mpunga uitwao *mirin*, na mchuzi wa tambi unaoonekana kuwa wa maziwa huenda umechemshwa kwa mifupa ya nguruwe saa nyingi. Mchuzi wao wa asili, *dashi*, hutokana na samaki mkavu na mwani, lakini uliza kilichoongezwa. Siku ikikuharibikia, duka dogo lolote lina vitonge vya wali vya samaki aina ya samoni au plamu chachu; nililazimika kuishi navyo siku mbili, na nilikuja kuvipenda. Bebelea pia tende kutoka Eastleigh.

Mahekaluni hakuna atakayekulazimisha kitu. Mlangoni utaona birika la maji na kata za mianzi, nao ni utaratibu wao wa kujitakasa kabla ya ibada. Unaweza kulipita kimya, ukasimama kando wakati wenzako wakipiga makofi na kuinama, kisha ukaendelea kutazama mbao na bustani. Kibla utakigeukia upande mwingine na ulivyozoea: hapa Nairobi tunaelekea kaskazini, lakini ukiwa kule utaelekea magharibi, ukikunja kidogo kwenda kaskazini. Kama mtapelekwa hadi Hiroshima kwa treni, mtapita Kobe, mji wenye msikiti wa kwanza wa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935 na ambao uliokoka mabomu ya vita na tetemeko kubwa la mwaka 1995. Mtaupita bila kuuona, lakini kutoka Osaka si mbali, na Jumamosi moja unaweza kwenda mwenyewe.

Nyumba ya wageni ndiyo itakayokushtua, na si wewe peke yako, kwa sababu hata Wakristo wa Nairobi hukimbia. Bafu ni la pamoja, wanaume upande wao na wanawake wao, na watu huingia katika maji ya moto uchi kabisa baada ya kuoga kwanza wakiwa wamekaa kwenye kigoda. Omba mapema chumba chenye bafu lake, au uliza kama lipo dogo linaloweza kufungwa kwa komeo. Watakuelewa, wapo Wajapani wenyewe wasiopenda.

*Mwalimu, mimi nasoma Juja na nimepata nafasi ya muhula mmoja. Sipendi umati. Je, nikiwa katika safari hiyo naruhusiwa kujitenga na kundi kwa saa moja au mbili? — Mpenda Upweke*

Unaruhusiwa ukiomba, na unakosa adabu usipoomba. Mwambie kiongozi unakokwenda na saa utakayorudi, chukua namba yake ya simu, na usiache kadi yako ya ukazi hotelini, kwa kuwa sheria yao inakutaka utembee nayo. Saa iandike kwa mtindo wao wa 15:10, usiitafsiri kichwani. Nao wakisema 15:10, ujue mtu wa heshima amefika 15:05.

Mimi niliyajua haya kwa njia mbaya, mjini Nara. Tulikuwa tumepewa karatasi ya ratiba, nikaikunja na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali. Katika bustani ya Nara hutembea kulungu zaidi ya elfu moja bila uzio (nawaita kulungu kwa kukosa jina jingine, maana wa kwetu hawana pembe zenye matawi), na watalii huuziwa biskuti za pumba za mpunga za kuwalisha. Mmoja alikuja mbele yangu akainamisha kichwa, kama mgeni anayebisha hodi. Huinama hivyo kweli, wamejifunza kwa kuona biskuti zinafuata. Nami kwa furaha nikainama pia, kumbe mwenzake aliyekuwa nyuma ameshaivuta ratiba yangu na kuitafuna hadi kwenye namba ya simu ya kiongozi.

Sikujali. Niliingia katika hekalu la Todai-ji kumtazama Buddha wa shaba mwenye urefu wa takriban mita 15, aliyezinduliwa mwaka 752, lakini kilichonishika hakikuwa yeye. Nyuma yake kuna nguzo yenye tundu chini, linalosemwa kuwa na upana wa tundu la pua yake, na watoto hujipenyeza humo mmoja mmoja, kichwa kwanza, wazazi wakivuta mikono upande wa pili. Mzee mmoja mnene alijaribu akakwama, na watu watano tulimvuta huku akicheka mpaka machozi. Niliporudi penye mabasi nilikuwa nimechelewa dakika nne, na basi letu halikuwapo.

Nilipanda treni peke yangu kurudi Kyoto, safari ya chini ya saa moja, kwa pesa nilizokuwa nimeweka za zawadi. Kwa muda mrefu nililalamika kwamba hawakunihesabu, au walinihesabu wakaniacha. Jioni kiongozi alinijia mezani. Nilijiandaa kugombezwa, naye akainama mbele ya kundi zima akaniomba radhi kwa kuniacha, na tangu siku hiyo sijachelewa basi la mtu yeyote. Wewe nenda kwenye nguzo yako, mwanangu, lakini ratiba iandike mara mbili, moja katika simu na moja katika karatasi, na hiyo ya karatasi iweke mfuko wa mbele wenye zipu.